Kikohozi cha Pikapu ya Baba

Huku kwetu milimani gari husikika kabla halijaonekana. Ukiwa upande huu wa bonde na gari liko upande ule, utalisikia likishuka mtoni, utalisikia likipunguza mwendo darajani, kisha utalisikia likianza kupanda kuja kwako, na muda huo wote hujaona hata bati lake. Sisi tuliokulia Tetu tulijua magari kwa masikio. Gari la daktari wa mifugo lilipoanza kushuka upande wa pili, mwenye ng'ombe mgonjwa alikuwa ameshafika barabarani kumngoja. La padre likisikika, waliokuwa na pombe walificha vibuyu. Na pikapu ya baba ilipokuja, hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani, kwa sababu ilikuwa inakohoa.

Baba aliinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya upande wa Naro Moru, miaka ile ya baada ya uhuru, wazungu walipokuwa wakiuza vitu vyao na kuhama. Baba alikuwa dereva wa mzungu huyo na pia ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Watu wakimwambia kwamba amejinunulia gari kuukuu, alisema amenunua kazi yake mwenyewe, maana hakukuwa na nati hata moja ndani ya ile pikapu ambayo hakuwahi kuifunga kwa mkono wake. Alijenga banda lake juu kabisa ya boma, juu kuliko nyumba ya kulala, ili asubuhi za baridi betri ikikataa, aachilie breki tu, iteremke na kuwaka yenyewe. Mama alilalamika kwamba gari limepewa mahali pazuri kuliko yeye. Baba akamwambia yeye hahitaji kusukumwa asubuhi.

Mimi nilipenda kumtazama akiitengeneza. Vipuri vilikuwa vigumu kupatikana, na mtu aliyejifanya hawezi kukaza nati bila kipuri kipya alikaa nyumbani. Tangi likivuja, baba alisugua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ufa hadi uzibe. Gasketi alizikata kwa makasi ya mama kutoka kwenye katoni za sukari. Bushi alizichonga kwa tairi chakavu, kwa kisu kilekile cha kuchinjia, na mama alipokiona kisu chake kina weusi wa mpira, siku hiyo baba alikula chakula baridi.

Sasa hicho kikohozi. Mwaka mmoja wa mvua nyingi pikapu iligonga jiwe pale mtoni na ekzosi, lile bomba la moshi, ikapasuka. Baba alilala chini yake na mkebe wa mafuta ya kupikia, akaukata, akaufungia kwenye ufa, akaukaza kwa waya. Akatoka akijifuta matope, akasema, "Nitaweka mpya mwezi ujao." Hakuweka. Miaka ikapita na ule mkebe uko palepale, na nyumbani kwetu "mwezi ujao" likawa neno la kutaja jambo lisilotokea kamwe. Shangazi zangu wakiniuliza nitaolewa lini, nilikuwa nawajibu, mwezi ujao, pamoja na ekzosi ya baba. Walisema nina ulimi mkali. Ninao hadi leo na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Kwa hiyo pikapu ilipopanda kutoka mtoni ilikuwa na sauti yake peke yake. Ilinguruma chini chini, mkebe ukitetemeka kidogo, ikafika kwenye kona ya kiwanda cha kahawa, ikalemewa, ikakohoa mara moja kwa nguvu kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuhutubia, halafu ikapumua na kuendelea. Mama akisikia kile kikohozi aliinuka na kuweka sufuria ya chai motoni. Baba alipozima injini uani, chai ilikuwa inachemka. Sikuwahi kumwona akikosea, na hakuwa na saa mkononi.

Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, baada ya mimi kutoka chuo cha ualimu. Wanawake waliokuwa wakiendesha gari siku hizo Nyeri walikuwa wa kunyooshewa vidole, na wanaume walisimama kando ya barabara kuona nitaanguka wapi. Aliniambia jambo moja kuhusu ile kona ambalo kila fundi niliyemsimulia baadaye alishika kichwa. Alisema gia isipunguzwe kabla ya kona. "Iache ilalamike kidogo," aliniambia. "Ipite kona ikilalamika, halafu ndipo uisaidie." Nilimuuliza kwa nini. Akasema gari ni kama mtu, ukilisaidia kabla halijaomba, litakuwa jeuri. Huo haukuwa ufundi, ilikuwa tabia yake tu, lakini mguu wangu uliipokea.

Kisha baba akafa. Kifua kilimshika msimu wa baridi na hakikumwachia. Baada ya mazishi ami zangu walikaa na mama wakamwambia kwamba mjane hana haja ya gari, heri liuzwe. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa uji, akakataa. Walipoondoka aliniambia sababu, na aliisema mara hiyo moja tu. Aliniita mama, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. "Mama, nikisikia hiyo gari kwa kona," alisema, "naona kama hajaenda. Ukiiuza utakuwa umemzika mara ya pili."

Basi nikaendesha mimi. Asubuhi nilienda nayo shuleni Ruring'u nilikokuwa nafundisha, nikibeba maziwa ya majirani, na jioni nikarudi. Na kila jioni nilikuta chai. Nilijua haikuwa chai yangu. Ilikuwa ya yule aliyekuwa akikohoa pale konani, na mimi nilikunywa tu kwa niaba yake. Haikuniuma. Mtu akimpenda mumewe kiasi hicho unanyamaza na kunywa.

Ila pikapu ilikuwa imezeeka, na mimi nilijua kuziba tangi na kubadilisha plagi, sikujua kufungua injini. Ikabidi tuipeleke gereji, kwa fundi mmoja wa Majengo pale mjini, mtu wa damu mchanganyiko, Mwislamu, aliyesema Kiswahili kitamu mpaka unasahau kwamba anakukemea. Na hapo ndipo mama alipoanza ulinzi wake.

Aliyewahi kumiliki gari miaka hiyo anajua. Gari halikuachwa gereji peke yake. Ukiliacha na pampu nzuri, utalikuta na pampu iliyotoka kwa marehemu mwingine. Kwa hiyo mwenye gari alikaa hapo hapo kulinda, mwingine na gazeti, mwingine na mkate. Mama alikwenda na kiondo, kikapu cha mkonge alichokuwa hajakimaliza. Alikaa kwenye kigoda karibu na boneti akisuka kutwa nzima, na macho yake hayakuangalia kiondo hata kidogo, maana vidole vyake vilijua njia. Tena hakuamini macho peke yake. Kila kipuri chenye thamani alikifunga uzi wa mkonge alioupaka rangi mwenyewe, wa zambarau, kwa kile kifundo cha kuanzia kitako cha kiondo ambacho mwanamume hajui kukifunga hata umpe mwaka. Kabureta ilikuwa na uzi wake. Dainamo, pampu ya petroli, radieta, hata kifuniko cha mafuta. Boneti ikifunguliwa ungedhani injini inakwenda harusini.

Fundi angeweza kukasirika. Badala yake ndiye aliyeleta kigoda.

"Mama, leo tena umekuja kunilinda?" alimuuliza.

"Sio wewe nalinda," mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha huku kwetu. "Nalinda pampu yangu. Wewe uko na miguu, utarudi nyumbani peke yako."

"Na ule uzi nikiukata?"

"Kata. Halafu ufunge tena nione."

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Alimwagizia chai, akamweleza kila anachofungua na kwa nini, na mama akawa anajua vali ni nini na kwa nini inaungua kuliko mimi niliyekuwa na cheti cha ualimu. Lakini alirudi kila mara na kigoda kile na macho yale. Urafiki ni urafiki, na pampu ni pampu.

Mvua za mwezi wa nne mwaka mmoja zilimlaza mama na homa ya mapafu. Wakati huohuo klachi ikaanza kuteleza. Sikuwa na la kufanya ila kuiacha pikapu gereji bila mlinzi na kwenda kufundisha. Mama alinisumbua kitandani: nyuzi zote ziko? Nikamwambia ziko. Kabureta? Iko na uzi. Dainamo? Iko. Akalala.

Nilipokwenda kuichukua, fundi alikuwa amesimama mbele yake amevaa kanzu safi, anatabasamu kama bwana harusi. Kila uzi wa zambarau ulikuwa mahali pake. Klachi ilikuwa tayari. "Na mwambie mama," alisema, "kuna zawadi yake ya ugonjwa. Hiyo sitaki asante." Hakuniambia ni nini na mimi nilikuwa na haraka ya kumwahi mgonjwa wangu. Kelele za gereji na za mji zilikuwa nyingi, nikawasha nikaondoka. Ni pale nilipoteremka kuelekea mtoni, hakuna kitu ila miti na mimi, ndipo nilipogundua kwamba pikapu ilikuwa kimya. Ilikuwa inaenda vizuri. Ilipanda kwenye kona kama gari la mkuu wa wilaya, bila kulalamika, bila kukohoa.

Nikajua kabla sijafika. Jikoni hakukuwa na moshi. Mama alikuwa amekaa kitandani amejifunga shali, akaniuliza, "Umekuja na gari ya nani?"

Nikamwambia ni yetu. Akasema, "Hapana." Nikamweleza kwamba fundi ameweka ekzosi nyingine, nzuri, kama zawadi ya ugonjwa wake, na hakutaka hata asante. Mama hakumtukana fundi wala hakunilaumu mimi. Aligeukia ukuta. Nilimpelekea uji akasema tumbo limejaa. Alikuwa amefunga uzi kwenye kila kitu ambacho mwizi angekitamani, na hakufikiria kwamba kuna mtu angekuja kumchukulia mkebe uliooza. Hata mimi sikufikiria.

Asubuhi niliingia gereji kwa hasira ambayo naona aibu kidogo kuisimulia, lakini si sana. Nilimwambia fundi maneno mbele ya watu wake. Nilimuuliza nani alimtuma. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa, na nilipofika kwenye sababu, nilipomwambia kuhusu kona na chai, aliketi kwenye kigoda cha mama.

"Mwalimu," alisema, "mimi niliona aibu. Kila mara mgonjwa wangu anatoka hapa akikohoa, watu wanasema fundi gani huyu. Nikasema nimfurahishe mama."

Tukatafuta ile ya zamani. Ilikuwa imechukuliwa na wafua bati wa nyuma ya soko, na wafua bati hawalazi chuma. Tulipofika ilikuwa imeshakuwa majiko, na mkebe wa baba ulikuwa umekatwa ukawa koroboi, na koroboi zote zimeshauzwa. Fundi alishika jiko moja, akalizungusha, akalirudisha chini taratibu. Mimi nililia hapo sokoni kati ya masufuria na sikujali nani ananiona.

Ni fundi aliyesema tutaitengeneza upya. Maisha yake yote alikuwa ameziba ekzosi, sasa angepasua. Akamwita kila mtu aliyeifahamu ile sauti, na hapo niliona jambo ambalo nikilikumbuka hucheka peke yangu hadi leo. Watu wazima, madereva wa malori ya kahawa kutoka Othaya, mwenye duka la spea, hata mwanamke aliyeuza chai pale gereji, wamesimama uani kwa fundi, kila mmoja anakohoa. Mmoja akisema ilikuwa hivi, mwingine anasema wewe hujui, ilikuwa na mlio kidogo mwishoni, na anakohoa yeye. Waligombana. Dereva mmoja aliapa kwamba aliwahi kuifuata kutoka Karatina na anaijua kuliko mkewe. Mpita njia aliuliza kama kuna mlipuko wa kifaduro.

Mama alipopata nguvu alikuja mwenyewe. Kigoda kilikuwa kinamngoja. Alitoa kiondo chake na kuanza kusuka, na fundi akalala chini ya pikapu na patasi. Alipasua kidogo, nikawasha, tukamtazama mama.

"Bado," mama alisema.

Fundi akaongeza ufa. Akafunga mkebe wa mafuta ya kupikia, wa aina ileile, kwa waya. Nikawasha.

"Hiyo ni ya lori."

Akaukaza waya. Akaulegeza. Akatoa mkebe, akaugonga, akaurudisha. Fundi alitoka chini amekuwa mweusi kama sufuria. "Kuvunja ni rahisi, mama," alisema. "Kuvunja kwa kipimo ndiko kazi." Mama alimwambia arudi chini. Jua lilipoanza kuinama, vidole vyake vilisimama katikati ya kiondo. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Inafanana," alisema. "Lakini mimi sikai kwa gari nikiisikia. Mimi nakaa jikoni."

Alikuwa na haki. Basi tukapatana kwamba mimi nitangulie na mama kwa matatu hadi nyumbani, na fundi atuletee pikapu mwenyewe, ili tuisikie inavyostahili kusikika. Tulikaa jikoni mlango wazi. Moto ulikuwa umewashwa, sufuria ya maji iko chini, karibu na mguu wake. Tukaisikia ikishuka upande wa pili. Tukaisikia darajani. Ikaanza kupanda, na mkebe ulikuwa unatetemeka vilevile. Kabla ya kona fundi akapunguza gia, kwa ufundi, laini kabisa, kama mtu aliyesomea kazi yake. Pikapu ikazunguka kona bila kulemewa na ikaja.

Mama hakugusa sufuria. "Gari ni yetu," alisema. "Lakini huyo ni mgeni."

Fundi aliingia uani akitabasamu, akaona maji yako chini, tabasamu likaisha. Mama alimkaribisha, akamshukuru, akampa ndizi za kuchoma. Hakuwa na neno baya naye. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyesafiri mbali akakuta nyumba imefungwa. Nikachukua ufunguo nikasema naenda kuigeuza isizuie lango, lakini nilipoingia ndani sikutaka kusimama. Niliteremka nayo hadi mtoni.

Pale darajani nilizima nikakaa kidogo. Nilifikiri kwamba hii ndiyo sasa, tumemzika. Kisha nikawasha nikapanda, na sikuwa nikijaribu chochote, nakuambia ukweli. Nilikuwa na machozi na nilitaka kufika. Kiwanda cha kahawa kikaja, kona ikaja, pikapu ikaanza kulalamika na mguu wangu ukangoja kama unavyongoja siku zote. Ikapita kona ikilemewa, ikakohoa. Ndipo nikaisaidia.

Nilipoingia uani, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na ndizi yake mkononi, haijaliwa.

"Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "ulipoichelewesha ile gia ikakohoa, papo hapo mama ameinuka."

Niliingia. Mama alikuwa anaweka majani kwenye maji yaliyokuwa yanachemka, mgongo wake kwangu. Hakugeuka. "Kaa," alisema. "Chai yako iko karibu."

Yako, alisema. Nilikunywa nikiwa nimeinamisha uso ndani ya kikombe.

Mama aliendelea kuishi miaka mingi baada ya hapo, na pikapu ikaishi karibu kama yeye, na nyuzi zake za zambarau. Fundi hakuwahi tena kugusa ile ekzosi. Alipolala chini ya pikapu alisema anapita tu kuisalimia. Sasa wote wametangulia. Barabara yetu ina lami, na nina gari dogo la Kijapani lisilo na klachi, linalojibadilishia gia lenyewe, kimya kabisa, wala majirani hawajui nimerudi hadi waone taa. Lakini kila nikipita kiwanda cha kahawa, pale kwenye kona, mguu wangu wa kushoto huinuka, hungoja kidogo, halafu hukanyaga chini ambapo hapana kitu. Kisha nafika nyumbani, nazima, na naingia jikoni kujiwekea maji.